Sentensi Iliyobanwa kwa Pini

Benchi la mlango wa nyuma wa ukumbi wa michezo wa Haversea lina miguu mitatu ya chuma na wa nne wa matofali. Upepo wa pwani ya Lancashire, Uingereza, hulipiga tangu asubuhi, na shakwe hulichafua bila haya, lakini watu watatu hawalihami. Wa kwanza ni Pazia, yaani Clem Ackroyd, aliyevuta kamba za pazia miaka thelathini mpaka viganja vikawa kama nyayo. Wa pili ni Taa, yaani Desmond Fyfe, fundi wa taa za jukwaani, ambaye jicho lake la kushoto sasa halioni kitu. Wa tatu ni Sindano, Noreen Tattersall, na ndiye pekee mwenye kazi bado. Humvisha mwigizaji Dilys Garroway, na amemvisha miaka arobaini na mmoja. Alasiri ile alikuja na chupa ya kahawa iliyojaa, na moyo uliojaa kuliko chupa.

Saa moja na nusu jioni mchezo mpya ungefunguliwa. Dilys, mwenye miaka sabini na tisa, aliigiza bibi anayekaa kitini, mwenye maneno machache, na sentensi ya mwisho ilikuwa yake. Katika wiki nne za mazoezi hakuitamka hata mara moja, wala hakuna aliyeshangaa. Ni mwiko wa jukwaani: sentensi ya mwisho haisemwi mpaka siku watazamaji wapo. Dilys alifuata mwiko huo maisha yake yote. Ukurasa wa mwisho wa kila mchezo aliukunja na kuubana kwa pini. Basi kila alipofika pale akanyamaza, mwongozaji kijana aliwaambia wenzake watazame heshima ya watu wa zamani.

Sindano alitazama vidole. Vidole vya anayenyamaza kwa kupenda hutulia. Vya Dilys vilipapasa pindo la gauni, vikitafuta kitu kilichoanguka.

Hakuwa amemwambia mtu. Akimwambia mwongozaji, Dilys ataondolewa leo leo, na hatapanda jukwaani tena. Akinyamaza, watu mia sita watamwona akipotea mbele yao. Alikuja kijiweni akitaka aambiwe kwamba wasiwasi wake ni wa bure.

— Sijui kama Dilys ataweza leo, alisema.

— Kuweza ataweza, alisema Pazia. Tabu yake ni nyota. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Nani alimsifu, mzee? alidakia Taa. Hiyo methali umeiokota wapi?

Pazia hakujali. Kwake mkosi ulianza siku Dilys, binti wa miaka kumi na tisa, alipopiga mluzi jukwaani. Zamani kamba zilivutwa na mabaharia, na mluzi ulikuwa amri ya kushusha mizigo, kwa hiyo anayepiga mluzi anajiitia gunia la mchanga kichwani. Gunia halikuanguka siku ile. Limekuwa likianguka polepole miaka sitini.

Taa alicheka mpaka akakohoa. Alisema mwenzake ana mchanga kichwani kweli. Kwake yeye mambo yote yalikuwa shavu. Shavu la Dilys lilipokea mwanga wa kushoto tu, na jukwaani Taa alimpa kushoto, ndiyo maana watu walilia. Watu wa filamu hawakulijua hilo. Katika filamu yake ya kwanza alisimama kwenye dirisha la treni, mwanga ukitoka kushoto, hasemi kitu, na nchi nzima ikauliza yule ni nani. Ya pili wakamwangaza kulia, na hakuna aliyeuliza tena. Kutoka hapo ni mama wa mtu, shangazi wa mtu, maiti ya mtu.

— Maiti ndiyo yenyewe, alisema Pazia, na sauti yake ikashuka. Mimi nilihesabu. Kwenye pazia langu peke yake alikufa mara mia nne na kumi na mbili. Unafikiri mtu anakufa vile, kila siku, halafu anaamka mzima? Kila kifo kinaondoka na kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Sindano alishika kikombe kwa mikono miwili.

Mlango ukafunguliwa. Dilys alitoka na gauni la mchezo, mkoba mkononi, akaketi kati yao. Waigizaji hupita tu pale. Miaka yote ile hakuwahi kukaa. Wazee wakasogea, Pazia akavua kofia.

— Samahanini, wapenzi, alisema. Mwishoni mwa mchezo, kunasemwa nini?

Pazia alianza kucheka, akidhani ni mtego wa kuwajaribu na mwiko. Hakuna aliyejua. Hakuna masikio Haversea yaliyowahi kuisikia sentensi ile. Sindano alifungua mkoba, akatoa kitabu cha mchezo, akaichomoa pini, akaukunjua ukurasa. Dilys alisoma. Midomo ilitembea, sauti haikutoka. Mwiko aliukumbuka hata sasa. Akasoma tena, uso ukachanua, na kwa kitambo kidogo alikuwa binti wa kwenye dirisha la treni.

— Ni nzuri sana, alisema. Hii anaisema nani?

Taa alimgeuzia jicho lake bovu. Pazia alitazama viganja. Jibu lilikuwa neno moja: wewe.

Sindano aliinamisha chupa. Kahawa iliyobaki ilikuwa nusu kikombe, akampa Dilys. Akarudisha pini mahali pake, akanyoosha ukosi wa gauni alioushona kwa mkono wake, akainuka kwenda kumtafuta mwongozaji.

Mlangoni alimsikia Dilys nyuma yake, akisema na wazee kwa upole wa mgeni aliyekaribishwa vizuri:

— Huyo mama atakayeisema ana bahati.