Nahodha Kuncheria na Harusi Isiyo na Ndoa

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Nahodha Kuncheria wa Kituo cha Boti cha Nedumkara atazima injini kwa mara ya mwisho na kustaafu. Siku hiyo hiyo watastaafu watumishi wengi ajabu hapa Kerala. Walimu wetu wa zamani, walipoandikisha watoto shule mwezi Juni, waliwapa siku ya kuzaliwa ya mwishoni mwa Mei ili wasisumbuke kuwauliza mama zao. Mama yake Kuncheria alishikilia mpaka kufa kwake kwamba mwanawe alizaliwa Krismasi, lakini serikali haikumwuliza.

Babu yake alikuwa miongoni mwa wale waliopiga mbizi ziwani kuchota matope ya kujengea kingo za mashamba, enzi za maharaja. Kwa kazi yao mashamba yetu ya mpunga yako chini kuliko maji, na abiria wa boti huwaangalia wakulima kwa juu kana kwamba wamewaajiri. Kuncheria aliingia kazini kama baharia wa kufunga kamba, akapanda hadi nahodha, na hapo akakwama. Kwa nini alikwama nitaeleza, maana pensheni yake imeshapitishwa na hakuna wa kuigusa. Lakini kwanza tumsengenye kidogo.

Katika kituo chetu kuna vyama viwili vya wafanyakazi, na ndugu wa tumbo moja wameacha kusalimiana kwa ajili ya vyama hivyo. Kuncheria ni mwanachama wa vyote viwili. Kila chama kinaamini yuko kwa wapinzani kama jasusi wake. Mwaka mmoja maandamano ya vyama vyote viwili yaliangukia asubuhi moja, naye alitembea mbele na hawa hadi sokoni, akapita kichochoroni, akatokea mbele ya wale. Aliimba kaulimbiu zote kwa sauti ileile, na jioni pande zote mbili zilimnunulia chai.

Adui aliyempa heshima ni mmoja tu, yale magugu-maji yanayoziba mifereji yetu, ambayo watu hapa huyaita gugu la Kiafrika ingawa hakuna aliyekwenda Afrika kuuliza. Kila yaliponasa rafadha inayosukuma boti aliyatukana kwa upole, akiyaita wageni rasmi, huku fundi wake wa injini, Sasankan, akiingia majini na kisu. Kasisi aliyesafiri naye mara moja alidhani anasemwa yeye, akashuka kituo kilichofuata na kusema atatembea.

Sasa nije kwenye kukwama kwake. Mimi ninayeandika, Sreekala, karani mkuu wa kituo, nilizaliwa kisiwa cha Vattathuruthu, mwisho wa njia ya boti yake. Miaka kumi na mitano iliyopita nilikuwa nafuga bata na kufeli mitihani ya ukarani wa serikali. Ule ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kwa umri. Ningeukosa mtihani ule, ningebaki na bata mpaka kaburini, na baba yangu alikuwa tayari ameanza kunihesabu pamoja nao.

Jioni ya kuamkia mtihani ukatangazwa mgomo wa kufunga kila kitu. Ni chama gani kiliuitisha sitaji, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wapo pande zote. Redio ikasema mtihani hautaahirishwa. Alfajiri niliikuta boti imefungwa gatini kwetu, ilikolala, na Kuncheria ameketi juu yake anapiga mswaki. Nilijaribu kumweleza, nikashindwa, nikalia. Alisuuza kinywa, akafikiri. Kila mtu hapa anajua kwamba siku ya mgomo huruhusiwa kupita maziwa, magazeti, wagonjwa na harusi.

“Mgonjwa watamtakia cheti,” alisema. “Harusi haina cheti. Kavae.”

Wanawake wa kisiwa walinipamba mbiombio kana kwamba walikuwa wakiisubiri nafasi hiyo kwa miaka. Mmoja alileta sari ya hariri, mwingine dhahabu isiyo dhahabu, watatu wakagombania kunichomeka asumini kichwani. Omoni, mbele ya boti, ikawashwa taa ya shaba. Bwana harusi akateuliwa Sasankan, aliyekuwa na mke na grisi mpaka kwenye viwiko. Alipinga kwamba mkewe Ponnamma akisikia atamuua. Kuncheria alimhakikishia kwamba siku ya mgomo hata habari hazisafiri.

Chini ya daraja la Nedumkara wagomaji walikuwa wamevuta kamba kukatiza mfereji. Kiongozi wao, Sugathan, alisimama ukingoni na bendera.

“Harusi ya nani, kaka?”

“Ya dada yangu,” alijibu Kuncheria. “Na saa yake njema inapita.”

Sugathan alinitazama kwa makini, mimi na miaka yangu thelathini na mitano. Alisema nimechelewa kidogo, ila kheri. Kisha akauliza karamu inaandaliwa wapi, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamefunga migahawa yote na tangu alfajiri hawajatia kitu tumboni. Kuncheria aliwakaribisha wote. Wakaingia na bendera zao, wakaketi upande wa bwana harusi.

Kuanzia hapo tulisafiri kama mawaziri. Kila penye kizuizi, wagomaji waliziona bendera za wenzao, wakaishusha kamba na kupiga saluti. Mjini, kando ya mfereji, palikuwa na ukumbi wenye harusi ya kweli, moshi wa jikoni ukipanda. Kuncheria akaegesha hapo na kuwaambia wageni watangulie kula, bibi harusi anarekebisha sari. Waliingia, wakatandikiwa majani ya mgomba, wakala wali na michuzi yote hadi payasamu, ule uji mtamu wa karamu, mara mbili. Upande wa bwana harusi ulidhani ni watu wa bibi harusi, na upande wa bibi harusi ulidhani ni watu wa bwana harusi.

Mimi nilikuwa nakimbia. Nilifika mlango wa chumba cha mtihani unafungwa. Msimamizi, mama wa makamo, aliitazama asumini yangu, akaniuliza kama mume wangu anajua niko wapi. Nilimwambia anajua, anatengeneza injini. Akanipisha. Niliandika mtihani wote nikipangusa petali zilizoanguka juu ya majibu.

Nikafaulu.

Kuhusu habari kutosafiri, Kuncheria alikosea. Tuliporudi, Ponnamma alikuwa gatini na ufagio. Nahodha alitangulia kushuka ili aeleze, na sehemu kubwa ya ufagio ikamwishia yeye. Siku hizi Ponnamma huniita mke mwenza akiwa na furaha, na akiwa hana, pia.

Baada ya wiki chache mtu akapeleka malalamiko kwamba boti ya umma imebeba harusi ya binafsi. Kuncheria aliitwa mbele ya ofisa mchunguzi. Nilitaka kwenda kusema kweli, akanikataza. Alijua kwamba kweli ikitoka, waliofeli watadai nilipewa upendeleo na boti ya serikali. Katika jimbo hili mtu hufungua kesi hata jogoo wa jirani akiwika kwa mwelekeo wa chama kingine. Kazi yangu ingefia mahakamani.

Basi alikiri kwamba alikuwa akimwoza dada yake. Ofisa, mtu mwerevu, alimwuliza inakuwaje Mkristo aitwaye Kuncheria awe na dada Mhindu aitwaye Sreekala, na huyo dada ni wa kwa baba au wa kwa mama.

“Wa kwa boti, mheshimiwa,” alijibu. “Nimemvusha tangu nilipoanza kazi.”

Sasankan, aliyekuwa shahidi, anasema ofisa alifunika mdomo kwa leso. Hata hivyo alimtia hatiani kwa kutumia boti ya serikali kumwoza dada yake, na akamfungia kupanda cheo maisha yote. Ndiyo maana mtu aliyefaa kuwa mkuu wa kituo anastaafu akiwa nahodha. Hajawahi kunikumbusha, hata siku nilipoajiriwa na kuanza kumpangia zamu. Alisema tu kwamba maandishi yangu ni mabaya kwa mtu aliyegharimu ufagio mzima.

Siku ya 31 Mei tutamsindikiza nyumbani kwa boti, kama desturi ilivyo, hadi mlangoni kwa mkewe, Annamma. Vyama vyote viwili vimedai kumtangulia. Sugathan, ambaye sasa ni diwani na atakuwa mgeni rasmi, amekuwa akiniulizia hali ya mume wangu kwa miaka kumi na mitano, na kila mara Kuncheria hunijibia kwamba yuko Dubai. Ndugu diwani, samahani, na karamu ile haikuwa yetu.

Asante, Nahodha, kwa kila aliyefika kwa sababu yako. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na mifereji isiyo na gugu. Wenzangu watakuaga wakikuita kaka, kwa adabu, kama tulivyozoea kituoni. Mimi ni dada yako kwa hukumu ya serikali, na hukumu ile hatukuikatia rufaa.