Marlys Ingrid Tollefson (1951–2023), Aliyefundisha Mezani Kwake

Mama yetu Marlys alikuja duniani siku ya theluji nzito, tarehe 9 Machi 1951, katika shamba la wazazi wake, Alf na Gudrun Haugen, nje kidogo ya Webster, Dakota Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mkunga alichelewa njiani, na bibi yetu Gudrun alizoea kusema kwamba binti huyo hakuwahi kungoja mtu aje kumsaidia.

Alisoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, akamaliza sekondari mjini Webster mwaka 1969, kisha akasomea ualimu kwa miaka miwili. Alifundisha darasa la tatu katika shule ya serikali kwa miaka minne, na aliipenda kazi hiyo. Hakupenda kusikia mtu akiwatukana walimu.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na baba yetu, Orrin Tollefson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi Solveig ninayesoma maneno haya, Wendell, na Karin.

Mwaka 1984 Mama alianza kutusomesha nyumbani. Basi la shule lilinichukua alfajiri na kunirudisha giza limeingia, naye alitaka tulisikie Neno la Mungu mezani petu, tukiwa macho. Wakati huo jambo hilo lilikuwa geni. Jirani mmoja alimuuliza dukani kama ametufungia ndani. Mama akajibu, "Kama ningeweza kuwafungia, ningekuwa nimelala."

Februari 1990 alifika mwisho wa nguvu zake. Wendell alikuwa na miaka kumi na hajui kusoma. Karin alikuwa na kikohozi, mimi nilikuwa na kiburi cha miaka kumi na mitatu. Jioni moja Baba alimkuta zizini, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua.

"Ng'ombe wamekamuliwa zamani," Baba akasema. "Unangoja nini?"

"Nangoja nitamani kurudi ndani."

"Na usipotamani?"

"Nitawakamua tena."

Baba, ambaye si msemaji, alitafuta ndoo nyingine akaketi. "Kesho fungeni vitabu."

"Na Wendell?"

"Wendell hajui kusoma leo. Kesho pia hatajua. Wewe lala, mke wangu."

Vitabu vilifungwa wiki sita. Kilichobaki ni zaburi moja wakati wa kifungua kinywa, hadithi baada ya chakula cha mchana huku sisi tukichonga mbao au kushona, na hesabu za kupima unga na kupima uzito wa ndama. Haukutokea muujiza. Wendell alisoma mwaka uliofuata, akiwa na miaka kumi na moja, na kitu cha kwanza alichosoma peke yake ni maandishi ya chupa ya dawa ya ng'ombe.

Lakini Mama aliwaandikia akina mama saba waliokuwa wakisomesha nyumbani. "Nimeacha kufundisha wiki sita," aliandika, "na dari haijatuangukia." Barua hiyo ikawa ya kila mwezi, ukurasa mmoja, ikafikia familia zaidi ya mia nne. Hakuwapa maneno makubwa. Aliwaambia: usifundishe hesabu ukiwa na njaa. Mkubwa amsomeshe mdogo nusu saa, nawe ukae. Si kufua, kukaa. Sahani zitangoja. Mungu alipumzika siku ya saba, wewe ni nani?

Agosti 2006, nikiwa muuguzi na mjane, niliwaandikisha watoto wangu pacha shule ya serikali. Nilimficha Mama wiki tatu. Alipopata habari aliendesha gari kwa muda wa saa tatu hadi kwangu.

"Kwa nini ulinificha?"

"Watasema binti wa mwandishi wa barua ameshindwa."

"Waache waseme, midomo ni yao. Watoto wamekula?"

"Wamekula."

"Umewaombea?"

"Mlangoni, Mama, tukitafuta kiatu."

"Basi umewasomesha. Nipe kahawa."

Kwa ruhusa yangu aliyaandika hayo kwenye barua iliyofuata. Familia thelathini na moja zilikataa kupokea barua tena, mojawapo ikiwa ya rafiki yake waliyejuana kwa miaka ishirini. Mama alilia kwa ajili ya huyo, na kila Krismasi alimtumia salamu. Hazikujibiwa.

Novemba 2021 madaktari waligundua moyo wake umedhoofika. Alipumua kwa shida, akalala akiwa ameketi. Mchungaji wetu alimuuliza angependa tuseme nini siku ya leo.

"Waambie nilichoka," akasema. "Mabinti wenye watoto wadogo wanadhani sisi wazee hatukuchoka. Wanaona aibu bure."

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 17 Januari 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka 71. Baba alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake Orrin, watoto wake, mimi Solveig, Wendell na mkewe Joleen, na Karin, wajukuu saba, na kaka yake Leif.

Akina mama mliokuja leo mmebeba watoto, na usiku hamkulala: alichoka kama ninyi, na Bwana hakumwacha. Sasa kazi yake imekwisha. Apumzike, mama yetu, kwa amani aliyoitafuta muda mrefu.