Dada Kulikoni na Mtoto Asiyekuwepo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, afisa lishe wetu atakabidhi funguo za chumba cha ushauri na kustaafu. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, lakini humu hospitalini anaitwa Dada Kulikoni. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, kwa kuwa hapiti penye mlango uliofungwa bila kuuliza kulikoni. Mpishi wetu alipata kulalamika kwamba hata uji ukichemka, dada yule hutaka kujua umeudhiwa na nani.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wazazi, akaenda kusomea lishe, akarudi kwetu. Chumba chake kiko mwisho wa korido, karibu na stoo ya mashuka: mizani, sinki, viti viwili vifupi, na pazia la maua alilolishona mwenyewe. Mama anayejifunza kunyonyesha, alisema, hapaswi kutazamwa na foleni nzima.

Miaka kadhaa iliyopita kuna jambo lilimtatiza. Akina mama waliotoka wodini watoto wao wakinyonya vizuri walikuwa wakirudi kliniki na chupa mkononi, na kila mmoja alisema maneno yale yale: maziwa yangu hayatoshi. Sisi wengine tulisema ni mambo ya kisasa. Yeye alisema somo likifanana hivyo, basi mwalimu ni mmoja, akaanza kumtafuta.

Wakati huo nje ya lango letu palikuwa na meza ya kampuni ya maziwa ya kopo. Chini ya mwavuli na maputo, mabinti wachangamfu waliwaandikisha wazazi, pamoja na namba zao za simu, katika shindano la picha za watoto. Kampuni hiyo ndiyo iliyoipaka rangi wodi ya wazazi, na ilikuwa imetuahidi friji jipya, kwa hiyo hakuna aliyetaka maswali. Dada Kulikoni, ambaye kitinda mimba wake alikuwa tayari na ndevu, alikwenda pale akajiandikisha kuwa mzazi wa kichanga. Alipoulizwa jina la mtoto, akajibu, "Sijapata." Binti akaandika: Sijapata.

Baadaye simu yake ililia tukiwa kwenye chumba cha chai. Akaiweka kwenye spika.

"Mama Sijapata, hongera! Mimi ni mshauri wako. Sijapata hajambo?"

"Hajambo, mwanangu."

"Usiku analia?"

"Mtoto gani halii?"

"Basi, mama yangu, huenda maziwa yako hayamtoshi. Usimtese. Muongezee chupa moja tu jioni. Kopo la kwanza tunakuletea bure."

"Na la pili?"

"La pili liko dukani, mama."

Fundi wa maabara alicheka hadi chai ikampalia. Kisha kicheko kikafa, maana tuliyatambua maneno yale. Dada Kulikoni akakata simu. "Mshauri huyu mtoto hajamwona," alisema, "na hawezi kumwona, kwa sababu hayupo. Lakini keshasema ana njaa."

Wiki hiyo hiyo mshonaji mmoja alimleta binti yake wa miezi miwili, macho yamedidimia, anaharisha, hana hata nguvu ya kulia. Kopo la bure lilikuwa limekwisha. La pili alilivuta kwa kuongeza maji, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka. Mama mkwe wake alikuwa amemlaumu vya kutosha, hivyo Dada Kulikoni hakuongeza neno. Madaktari walipomrudishia mtoto maji mwilini, yeye alimlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akabandika mpira mwembamba kando ya chuchu, ncha ya pili ikiwa ndani ya kikombe cha maziwa, ili mtoto ashibe huku akiliamsha titi.

"Dada, yatarudi kweli?" mshonaji aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu. Tumwachie mtoto aulize."

Siku zilipita bila dalili. Kisha asubuhi moja mshonaji akapiga ukelele: "Dada! Njoo uone blauzi yangu!" Ilikuwa imelowa. Wodi nzima ikapiga vigelegele, na daktari wa zamu akaja mbio akidhani kuna aliyezidiwa.

Baada ya hapo Dada Kulikoni alikwenda kwa uongozi pamoja na mshonaji, aliyekubali kusimulia mwenyewe. Mwakilishi wa kampuni aliitwa, akasikiliza, kisha akakumbusha habari ya friji. Matroni, ambaye ndiye aliyelitamani kuliko wote, akajibu, "Kaeni nalo." Meza ikaondoka langoni, malalamiko yakapelekwa kwa wakaguzi wa serikali, na simu zikakoma. Friji halikuja. Kwa muda mrefu tulivumilia lile kuukuu lililonguruma kama trekta, na wapo waliomnunia Dada Kulikoni. Naye hakubisha kwamba ilikuwa hasara.

Asidhani mtu kwamba aliwafukuza waliolazimika kutumia makopo. Babu mmoja aliyeachiwa mjukuu asiye na mama alifundishwa na dada huyu huyu kuchemsha maji, kupima maziwa ya unga na kumnywesha mtoto kwa kikombe. Alipoweza, alisifiwa mbele ya kliniki nzima, akatembea kama bwana harusi.

Sasa anakwenda kuishi jirani na mdogo wake wa kike, apumzike. Tunaambiwa maandalizi yenyewe ya kupumzika yameanza vibaya: juzi alinunua biskuti za watoto zenye picha ya karoti kwenye pakiti, na mpaka leo anaitafuta karoti ndani yake.

Dada yetu, ahsante kwa kila ulichouliza wakati sisi tulitaka kunywa chai kwa amani. Uende salama, uishi kwa afya na furaha kati ya ndugu na wajukuu zako. Na karoti ikionekana, tupigie simu.