Udongo Chini ya Saruji

Sogeeni, wanangu. Na wewe mkubwa, usisimame hapo mlangoni kama askari wa zamu, njoo ukae hapa miguuni pangu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kupazia sauti. Binti yangu, weka sindano chini kwanza. Najua wewe ni nesi na kazi yako unaijua, lakini dawa hiyo hunilaza, na leo sitaki kulala kabla sijautua mzigo huu, kwa sababu kesho asubuhi yule mwalimu wa chekechea anakuja na karatasi zake za kununua kiwanja chetu, na mimi kesho asubuhi sina hakika nayo. Kitinda mimba wangu, wewe kaa hapo hapo ulipo. Nipe mkono.

Mnajua mimi si mtu wa kuamrisha. Nimekuwa fundi baiskeli tangu sijaota ndevu, na watu pekee niliowahi kuwatolea amri ni majirani walioazima spana zangu wakasahau kurudisha. Wosia nao ni amri ya mtu ambaye hatakuwepo kuulizwa swali, na hilo linanitia haya kidogo. Nivumilieni. Mkiona nimekosea, semeni sasa, nikiwa bado nasikia.

Kundi letu lilizaliwa pale karakanani, kati ya matairi mabovu na kopo la mafuta ya mnyororo. Tulikuwa saba: mimi, mama yenu na cherehani yake, muuza mboga wa pembeni, seremala, mwalimu mstaafu, na wengine wawili waliokwisha kutangulia. Wakati ule miti ya mtaa ilikuwa inakatwa mmoja baada ya mwingine, kijito kinajazwa taka, na wakubwa hatuwaoni mpaka wanapotaka kura zetu. Tukasema basi, na sisi tuwe na siasa yetu, siasa ya kijani. Mtaa ukatucheka, ukatuita Wala Majani, tukalipokea jina, tukajibu kwamba afadhali kula majani kuliko kula watu. Tulichana boksi la mipira ya baiskeli tukaandika juu yake, kwa rangi ya kupaka fremu, yale tuliyoshikamana nayo: kwamba tusichukue ardhini kitu tusichoweza kukirudisha, kwamba mwenye nyumba na mpangaji wana haki moja ya hewa na maji, kwamba ambao hawajazaliwa nao ni wenye mali ingawa hawajafika kuidai, kwamba hatutamrushia mtu jiwe hata akitutukana, na kwamba neno haliwi neno mpaka kila mmoja atamke kwa kinywa chake kuwa amekubali. Kura hatukupiga, maana kura huacha walioshindwa. Tulikaa hadi tukubaliane wote, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Hilo la mwisho ndilo tulilojivunia kuliko yote. Penye wengi hapaharibiki neno, tulikuwa tukisema. Kumbe huharibika, wanangu, tena vibaya, pale wale wengi wanapokuwa na haraka ya kupiga makofi.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penyewe, na mdogo wenu huyu hajapata kuambiwa na mimi. Alikuja bwana mmoja, shati limenyooka, maneno matamu, ana picha za betri za magari zilizotupwa mtoni. Akasema atajenga kiwanda nyuma ya ukuta wetu, atanunua betri zote kuukuu, atazivunja, atayayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani na kuyatumia upya, hakitatupwa hata kipande. Mtu mwingine angekuja na kiwanda cha namna nyingine tungemfukuza siku hiyo hiyo. Huyu alikuja na lugha yetu. Alisema kutumia upya, alisema vizazi vijavyo, akatutaja Wala Majani kwa heshima, na mvuvi akijua samaki anapenda nini hahitaji wavu mkubwa. Mwalimu mstaafu alitokwa na machozi ya furaha. Ofisi ya kata ilitaka barua ya majirani waliokubali, na mwenyekiti wa majirani nilikuwa mimi.

Mama yenu alikuwa ameketi kwenye kona ya cherehani, amempakata huyu kitinda mimba, wa miezi tisa. Akauliza swali moja tu. "Na moshi? Moshi nao utatumika upya?"

Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kuwazidi, nikasema mama watoto anaogopa moshi wa kiwanda na huku jikoni kwake havuti kingine. Karakana nzima ikaangua kicheko. Akainamisha kichwa, akamfunika mtoto vizuri. Kisha nikazunguka kuuliza kila mmoja, umekubali, umekubali, na nilipofika kwake akanyamaza. Kanuni yetu ilisema nisubiri. Kanuni yetu ilisema hata ikifika wiki, nisubiri. Nilimtazama mke wangu akiwa kimya, nikaandika kwamba wote wamekubali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mshindo wa kile nimeusikia miaka thelathini na moja.

Siku ya kufungua kiwanda niliongoza msafara kwa baiskeli niliyoipaka kijani. Tulipanda miti sita getini. Mwaka haukuisha, miti minne ikawa imekauka, na nguo za mama yenu zinaanikwa nyeupe zinaanuliwa za kijivu. Huyu alikuwa anacheza chini uani siku nzima, anatia mchanga mdomoni kama watoto wote. Alikuwa ameshajua kusema baba, na taa, na maji, na neno moja la kumwitia dada yake ambalo sisi wengine hatukulielewa. Maneno yakaanza kumtoka, si kwa kuongezeka, kwa kuondoka. Taa ikaenda kwanza. Maji yakafuata. Siku moja nilimwita mara tatu, akanitazama, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Hospitali walimpima damu, wakakuta risasi, wakasema iliyokwisha kuingia kichwani hawana cha kuitolea.

Usilie, binti yangu. Au lia, lakini usiniache mkono.

Mama yenu hakunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo adhabu aliyonipa. Alimfundisha mtoto maneno upya, neno moja mwezi mzima, akiwa cherehanini, hadi siku aliyokufa alikuwa bado anamfundisha. Mimi nilipigana na kiwanda kwa njia tulizoziandika kwenye boksi: tulikaa getini na mabango, tulibeba majibu ya damu za watoto wa mtaa mzima ofisi kwa ofisi, tukazungushwa, tukarudi. Miaka kumi na moja.

Na katika miaka hiyo, mkubwa wangu, kuna mchana mmoja ambao wewe na mimi hatujauzungumza. Ulikuwa na miaka kumi na minane, umebeba dumu la petroli, unakwenda kuchoma kiwanda. Nilijilaza kizingitini, nikakwambia upite juu yangu. Ndani mle alikuwamo mlinzi, baba wa watoto wanne, na seremala wetu mwenyewe alikuwa huko anavunja betri kwa kukosa kazi nyingine. Hukupita. Uliweka dumu chini ukasema, "Umelala kwa ajili ya kiwanda, mbona hukulala kwa ajili ya mdogo wangu?" Tangu siku hiyo unanisalimu kama mtu anayesalimu ofisi. Nasema mbele ya wenzako: kukuzuia sijuti, lakini swali lako lilikuwa la haki. Nilikosea kabla yako, na kosa langu lilikuwa kubwa kuliko dumu lako. Naomba unisamehe. Kama bado huwezi, usijilazimishe kwa sababu nakufa.

Kiwanda kilifungwa, mwenyewe akatoweka, ukuta ukabaki, na udongo ukabaki na yote uliyoyala. Tulipima. Ndipo nikauza baiskeli zangu zote za maonyesho, nikamwaga saruji uani kutoka ukuta hadi ukuta, nikawaambia majirani ni kwa ajili ya kuzuia matope. Baadhi yenu humu mliamini ni matope.

Sasa tuje kwenye la jana. Nilikuachia wewe, mkubwa, mazungumzo ya kuuza, kwa sababu mimi siwezi kusimama, na najua mnavyolala sita katika chumba kimoja, wewe na mkeo na watoto, na lori unaloliendesha ni la mtu. Sikulaumu kwa kutaka. Lakini jana adhuhuri huyo mwalimu aliingia kunijulia hali, mama mpole, kaniletea machungwa, akakaa papo hapo alipokaa dada yako. Akanishika mkono. "Baba, mahali hapa pana jua zuri," akaniambia. "Saruji hii nitaibomoa yote, watoto wangu wapate udongo wa kuchezea." Shule yake ni ya watoto wa miaka mitatu, minne. Wewe ulikuwa nyuma yake umeshika sinia la chai, unanitazama. Na mimi nikamtazama yule mama, nikatabasamu.

Nikanyamaza, wanangu. Mimi. Sikuwa nimeishiwa pumzi, pumzi nilikuwa nayo, hata machungwa niliyasifia.

Usiku sikulala, ndiyo maana nimewaiteni. Nimeishi nikiamini kwamba kila jambo la nyumba na la mtaa likalishwe kitako, lizungumzwe, mpaka wote tukubaliane, na bado naamini. Mgawanye vitu hivi kwa kukubaliana: spana na stendi za karakana ni za huyu mdogo, ambaye anagonga waya za gurudumu na kusikia ulegevu ambao mimi na macho yangu siuoni, cherehani ni ya dada, nyumba ni yenu watatu, na anayekaa kimya msimhesabie kuwa amekubali. Lakini kumwambia yule mama kilichomo udongoni si jambo la kukalia kitako. Hilo halisubiri mkubaliane. Watoto wake hawakualikwa kwenye kikao hiki, hakuna hata mmoja anayeweza kusema hapa nimekubali au nimekataa, na mali ya asiyekuwepo haigawanywi na waliopo. Akishaambiwa akakimbia, mwacheni akimbie. Akija mwingine, mwambieni naye. Kiwanja kikikosa mnunuzi hadi wajukuu wenu wazeeke, basi kikose. Pafanyeni pa kutengenezea baiskeli, msilime hapo hata mchicha, na saruji ikipasuka zibeni ufa siku hiyo hiyo. Najua ninachowanyima. Nawaachieni umaskini ambao niliusababisha mimi, na kisha nawaomba muuchunge. Baba gani huyo.

Mlango huo. Nani ametoka?

Mwache, binti yangu, usimfuate. Nilimlalia kizingitini mara moja, mara ya pili sina mwili wa kulalia. Huenda amekwenda kwa mwalimu. Huenda amekwenda kukaa ndani ya lori na kufunga vioo. Akirudi, mpe chakula kabla ya maneno, na mwambie nimembariki akiwa ametoka kama nilivyowabariki ninyi mliobaki, sikumpunguzia kitu.

Maji. Kidogo. Inatosha.

Mnizike bila makuu. Nibebwe kwa miguu, gari la nini, makaburi si mbali, na msinunue maua ya plastiki ambayo yataishi kuliko ninyi. Boksi letu lenye maandishi likizikwa nami sitakataa, lakini afadhali mlisome kwanza. Binti yangu, Mungu akupe mikono isiyochoka na wagonjwa wanaokushukuru. Una zamu ya alfajiri, nenda, usiombe ruhusa kwa ajili yangu. Karatasi ya vipimo vya udongo imo kwenye droo ya cherehani, itoe uiache hapo mezani. Na hata ungekuwepo kesho, binti yangu, wewe ungemweleza kwa upole wa nesi hadi asijue kama ameambiwa au amepongezwa.

Kitinda mimba wangu. Wewe ndiye unayefungua mlango wa nyumba hii kila asubuhi. Kesho atabisha yule mama wa machungwa. Utamfungulia. Utampa karatasi. Halafu utamwambia maneno matatu, matatu tu, mama yako angekufundisha kwa miezi mitatu na mimi nina usiku mmoja. Nitazame mdomo.

Udongo.

Ndiyo. Udongo. Usiogope, hakuna anayecheka hapa. Udongo una.

Vizuri sana, mwanangu. Sasa la mwisho, ndilo gumu. Sumu. Su-mu. Bana midomo hapo mwisho... hivyo. Udongo una sumu.

Tena.

Akikuuliza kaka yuko wapi, sema hivyo hivyo. Akikwambia huelewi unachosema... unaelewa. Wewe ndiye unayeelewa kuliko sisi sote. Mungu akuwekee haya maneno, yasikutoke... yale mengine yalitoka mikononi mwangu. Baraka yangu ni hii, sina nyingine.

Binti yangu, punguza taa. Sisi tunaendelea.

Udongo... nimesahau mimi, mwanangu. Niambie wewe.

Ndiyo. Tena.

Usiningoje mimi. Sema tu.