Paipu Niliyoikunja kwa Nyundo

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe Mungu ambaye angeweza kuninyamazisha kaburini, lakini asubuhi ya leo amenipa mdomo! Mimi naitwa Eliya, natoka huku Mbozi, ni mkulima wa kahawa. Nimemwomba Mchungaji nafasi hii, naye amenipa, ingawa anajua ninayoyasema si ya kufurahisha. Naomba mnivumilie.

Marehemu baba alituachia pikapu. Ni gari la zamani, rangi imebabuka, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Mimi ndiye niliyelitunza. Klachi nilibadilisha mwenyewe uani kwangu, rejeta niliziba mwenyewe, injini niliwahi kuifungua nikaitandaza juu ya gunia na kuirudisha, ikawaka. Watu waliponiambia nilipeleke kwa fundi mjini Vwawa nilicheka. Nilisema, fundi gani anayelijua gari hili kunishinda? Ndugu zangu, hicho kilikuwa kiburi. Lakini wakati ule nilikiita ujuzi.

Mdogo wangu Obedi alikuwa mtu wa furaha. Tulifanya kazi pamoja, mimi usukani, yeye mzigo. Tulipanda Ileje kuchukua mahindi na maharage, tukayapeleka Tunduma kuwauzia Wazambia. Alikuwa na mke, Neema, na watoto watatu.

Asubuhi moja, siku ya kwenda Ileje, nilikuta mafuta ya breki yamevuja kwenye tairi la nyuma, kushoto. Raba za ndani zilikuwa zimekwisha. Nilipaswa kungoja nipate raba mpya. Sikungoja. Nilichukua nyundo, nikaikunja paipu ya breki ya tairi lile, nikaigonga mpaka ikabanana, ili mafuta yasifike kule. Maana yake tairi lile halina breki tena. Na yale mafuta yaliyobaki hayakutosha.

Hapo akapita shangazi yetu Leya, dada yake baba, anatoka kisimani na ndoo kichwani.

"Shangazi, nigawie maji kidogo," nikamwambia.

"Maji ya nini, baba?"

"Ya kujazia kwenye breki."

Akanipa. Kisha akainama, akatazama nilipogonga. Akasema, "Mimi sijui magari. Lakini kitu kilichopigwa namna hii hakiponi." Akajitwisha ndoo, na alipofika barabarani akageuka, akasema kwa sauti, "Eliya, gari hili litaua mtu!"

Obedi alikuwa anatoka kwake wakati huo, na majirani wawili walikuwa njiani. Wote walisikia maneno ya mwisho. Ya mwanzo hawakuyasikia.

Tulipakia magunia Ileje, tukaanza kushuka. Obedi alikaa nyuma juu ya mzigo. Mteremko wa kwanza breki zilikamata. Wa pili zilikuwa laini. Katikati ya ule mrefu nilikanyaga, mguu ukaenda mpaka chini kama nimekanyaga pamba. Yale maji yalikuwa yamechemka ndani ya paipu. Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono, haikusaidia kitu. Nikamsikia Obedi anagonga bodi juu ya kichwa changu na kuita, "Kaka! Kaka!" Nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa barabara ili lisimame. Likapanda ukingo, likalala ubavu.

Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko. Obedi alikuwa chini ya magunia.

Niliyaondoa moja moja. Alikuwa bado anapumua. Nilimshika mkono mpaka alipoacha kupumua, na haikuchukua muda.

Ndugu zangu, nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo shetani aliponikamata. Mwili wa mdogo wangu ulikuwa bado na joto, nami nikainuka, nikachukua plaizi. Gari limelala, sehemu ya chini iko wazi, na ile paipu iliyokunjwa inaonekana kwa kila atakayepita. Niliikata, nikaitupa korongoni. Askari walipofika nikawaambia imekatika wakati wa kuanguka. Wakaandika.

Msibani wazee wa ukoo waliniuliza, "Gari lilikuwa na shida gani?"

Nikasema, "Halikuwa na shida yoyote. Nililitengeneza mwenyewe."

Nilifikiri nimejiokoa. Sikujua neno lile litafanya kazi gani. Kwa sababu wazee walikaa wakaulizana: kama gari lilikuwa zima, na Eliya hanywi pombe, basi ni nini kilichomuua kijana wetu? Ndipo jirani mmoja akasema, "Si tulimsikia Leya siku ile? Si alisema gari litaua mtu?"

Ikawa hivyo. Shangazi yangu akaitwa mchawi. Kisimani wanawake walimwachia nafasi kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Hapa kanisani, katika benchi lile, alikaa peke yake, nami nilikuwa benchi la nyuma yake nikiimba! Halafu vijana wa ukoo wakaingia shambani kwake mchana kweupe wakaikata mikahawa yake, mikahawa aliyoipanda na marehemu mumewe, wakailaza chini yote. Kesho yake akafunga nguo zake kwenye kanga, akaondoka kwenda Mkwajuni kwa binti yake. Alipita mbele ya mlango wangu. Watu walimzomea. Yeye alinitazama mimi, kisha akaenda zake.

Tangu siku ile sikuwa mtu. Meza ya Bwana niliikwepa, nikisema naumwa. Pikapu ilikuwa imerudishwa uani, na kazi yangu ikawa kukaa chini yake siku nzima nikifungua na kufunga vitu visivyo na ubovu, ili nisione watu. Zaidi ya mara moja nilitamani jeki iteleze. Naogopa hata kulisema, lakini nilitamani.

Ikafika siku wazee wakaleta mganga wa kufichua wachawi, mmoja wa wale waganga tunaowaita lambalamba. Mganga akasema lazima Leya aletwe, anyolewe nywele, anyweshwe dawa mbele ya watu. Wakaniagiza nitengeneze pikapu, vijana waende kumchukua Mkwajuni. Nami nikakubali! Nikafunga paipu mpya, raba mpya, mafuta safi. Kila kitu nilichopaswa kufanya kabla mdogo wangu hajafa, sasa nakifanya ili shangazi yangu aletwe kwenye aibu.

Ilibaki kutoa upepo kwenye breki, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua nati. Shemeji Neema alikuwepo uani. Akapanda, akakaa kwenye usukani. Nikalala chini ya gari.

"Kanyaga, shemeji. Shikilia. Achia. Kanyaga tena."

Alifanya vizuri. Povu likaisha, mafuta yakaanza kutoka safi. Kisha nikasikia sauti yake huko juu, taratibu, "Shemeji, leo zinakamata. Mbona siku ile hazikukamata?"

Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama mjane anavyouliza. Nami nilikuwa nimelala chali, namwona miguu tu kupitia tundu la kutu kwenye sakafu ya gari, kandambili zake ziko juu ya pedali. Nikataka kusema sijui. Mdomo ukakataa! Nikasema, "Neema, hakuna aliyemroga mume wako. Mimi niliifunga breki kwa nyundo. Mimi nilijaza maji. Shangazi aliniona akanionya, na baada ya ajali niliikata ile paipu nikaitupa."

Mguu wake ulibaki umekanyaga. Kisha akashuka, akaenda zake. Nikalia pale chini kwenye mafuta na vumbi, nikamwita Yesu, na sikuwa na maneno zaidi ya jina lake. Ndugu zangu, nilipotoka chini ya gari lile, kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani kilikuwa kimetoka!

Nilikwenda kwa Mchungaji jioni ileile. Jumapili nikasimama mbele ya ukoo wote nikakiri, na mganga akaondoka. Jumatatu Mchungaji akanisindikiza kituoni kwa askari. Kesi yangu bado iko mahakamani, sijui itaishaje.

Kisha nikaenda Mkwajuni. Nilimkuta shangazi barazani kwa binti yake, anachambua maharage. Nikapiga magoti. "Shangazi, mimi ndiye niliyemuua Obedi."

"Hilo nalijua," akasema. "Siku ile napita na mzigo wangu, ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni."

"Hatua tatu, baba. Ulikuwa hatua tatu."

Akachambua maharage mpaka yakaisha kwenye ungo. Ndipo akasema, "Nimekusamehe, maana mimi ni mzee na sitaki kufa na jina lako kifuani. Lakini Mbozi sirudi. Nenda kila mahali waliponiita mchawi, ukaseme ulichokisema hapa."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Sikuja kuwaambia yote yamerudi. Obedi amelala kaburini. Mikahawa ile haijachipua. Shemeji Neema hajanisemesha hadi leo, nami simdai. Lakini namshukuru Mungu, kwa sababu sasa nikilala ni mimi ninayelala, na nikiomba ni mimi ninayeomba.

Ndugu yangu, pengine yuko mtu anayebeba lawama yako, nawe unaimba benchi la nyuma yake. Mwamini Yesu, hatakutupa. Toba yako ataipokea saa yoyote. Lakini sikio la mwanadamu huzikwa. Nenda leo kwa huyo anayebeba lawama yako, angali anasikia.