Sylvance Ooko wa Radi Kavu, Aliyeliliwa Mara Mbili

Marehemu Sylvance Odera Ooko alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika nyumba za reli za Makongeni, Nairobi. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Ooko, fundi wa mabehewa, na Mama Peres, aliyekaanga samaki na kuwauza hapo hapo mtaani. Alifuatwa na mtoto mmoja tu, dada yake Elsie, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Mchungaji alimwomba Elsie auandike kwa upole. Amejaribu.

Sylvance alianza masomo Makongeni mwaka 1960, akamaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa mwaka 1971. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa kuchekwa. Akiwa kidato cha pili aliazima gitaa la umeme, akaliunganisha na redio ya baba yake, na redio ikatoa moshi. Majirani walitega masikio wasikie fimbo. Mzee Ooko hakumgusa. Alimwamuru aende kwa jirani kila jioni wakati wa taarifa ya habari, asikilize, kisha arudi amsimulie baba yake yote, hata hali ya hewa, mpaka redio ipone. Redio ilikaa kwa fundi karibu mwaka mzima. Akiongeza chumvi, Mzee alimrudisha kwa jirani akaulize tena. Hivyo ndivyo alivyojifunza kusema jambo kama lilivyokuwa, somo ambalo wenzake wengine hawakulipata.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda cha nguo, Baba Dogo, na mwaka huo huo akaanzisha bendi ya Radi Kavu. Jina alilibuni yeye, na nyimbo alitunga yeye. Nahashon alipiga gitaa la besi, marehemu Luseno alipiga ngoma, na kijana wa mtaa wa Bahati aitwaye Kinyanjui aliimba. Walipiga roki, tena kwa sauti ya juu, wakati ambapo wazazi wa Eastlands waliamini kuwa roki na jehanamu ni majirani. Walijaza kumbi kuanzia Kaloleni hadi Kariobangi. Wimbo wao "Rudisha Koti" ulitoka mwaka 1976, na Mzee Ooko aliusikia kwenye redio ile ile iliyotoa moshi, akakubali kwamba mtoto wake ana kazi. Kinyanjui alikuwa na sauti nzuri. Hilo Elsie hawezi kumnyima, ingawa angependa.

Tarehe 8 Desemba 1979 Sylvance alimwoa Rispa, ambaye familia ilimfahamu kwanza kama yule dada mkali wa mlangoni. Rispa alikuwa akisimamia mlango wa ukumbi mmoja ambao Radi Kavu walipiga kila mwezi. Siku ya kwanza alimzuia Sylvance akiwa na gitaa mgongoni.

"Tikiti iko wapi?"

"Dada, mimi ndiye napiga hiyo gitaa."

"Kwa huu mlango mimi sijui gitaa, najua tikiti. Ukiwa nayo hakuna mtu wa kukutoa. Ukikosa, hakuna wa kukuingiza."

Sylvance alirudi nyuma ya foleni, akanunua tikiti ya onyesho lake mwenyewe, na watu walisubiri ndani wakipiga makofi ya hasira. Alisimulia kisa hiki katika kila harusi aliyoalikwa. Walijaliwa watoto wawili, Maurine na Owen, na mwaka 1984 wakahamia Buruburu.

Mwezi Februari 1987 Sylvance aliugua kifua kikuu. Alipelekwa nyumbani kijijini Ugenya, na Elsie akamtunza kwa dawa, uji na matusi madogo madogo ya kidada. Rispa alibaki Nairobi na kazi na watoto. Kinyanjui hakuja kumwona, wala hakutuma salamu. Mwezi Agosti shule zilipofungwa, Rispa alifunga nyumba ya Buruburu na kuja Ugenya na watoto.

Wiki hiyo hiyo Nahashon alitokea bila taarifa. Kwetu mtu anayekuja matanga huanza kulia tangu getini, na Nahashon alilia kwa nguvu zote, mikono kichwani, akiita jina la Sylvance. Sylvance alitoka ndani na kikombe cha uji mkononi kuuliza ni nani aliyekufa. Nahashon aliketi chini pale pale kwenye vumbi.

"Omera," alisema alipopata pumzi, "si wewe uliaga?"

"Nani amekwambia?"

"Kinyanjui. Alitangaza kwa stage Jumapili. Akasema wenye nyumba wamefunga wakaenda kuzika. Nikapita Buruburu, nikapata kufuli."

"Na ukaamini?"

"Alilia vizuri, Sylvance."

Sylvance alimwomba asimwambie mtu mpaka yeye apone aende mwenyewe. Dawa zilifanya kazi. Mwezi Novemba Sylvance alirudi Nairobi akiwa mzima, na wanawake wawili wa soko la Burma waliacha vikapu vyao wakakimbia. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kinyanjui akiwa na Nahashon, na maneno yaliyosemwa huko Nahashon ameyarudia mara nyingi bila kuyabadilisha.

"Buda, hall ilikuwa imejaa," Kinyanjui alisema. "Walikuwa wanataka gitaa yako. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia mimi ni mgonjwa."

"Mgonjwa hajazi hall. Tangu uage tunajaza kila wiki. Sasa ukijitokeza, mimi nitaitwa mwongo."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo kaa tu nyumbani. Jina nimeshaandikisha. Radi Kavu ni yangu."

Sylvance alivaa kofia yake. "Sawa," alisema. "Mimi nimekufa. Lakini nitakuwa nakuja."

Nahashon na Luseno waliiacha bendi siku hiyo. Kinyanjui aliajiri vijana wengine, na tangu hapo amezeeka akiitwa mwanzilishi wa Radi Kavu, bendi ya roki iliyodumu kuliko zote Eastlands. Kila tarehe 26 Desemba, saa tisa mchana, amefanya onyesho la kumkumbuka marehemu Sylvance. Na kila tarehe hiyo Sylvance alinunua tikiti, akavaa shati jekundu lile lile lililo kwenye picha ya tangazo, likiwa limepigwa pasi na Rispa, akakaa kiti cha mbele.

Hakupiga kelele. Hakurusha chupa, ingawa Elsie alijitolea kumbebea. Alimtazama Kinyanjui tu. Ilipofika wakati wa kusimama kimya kwa heshima ya marehemu, Sylvance naye alisimama, akavua kofia. Mara ya kwanza Kinyanjui alisahau ubeti mzima wa "Rudisha Koti". Walinzi walipotaka kumtoa, Sylvance aliwaonyesha tikiti, na Rispa, aliyekuwa pembeni, akawafundisha kazi yao. Kinyanjui alihamisha onyesho Kariobangi, kisha Baba Dogo, kisha Pipeline, na kiti cha mbele hakikukosa mtu wake. Vijana wa bendi walipouliza mzee huyu ni nani, Kinyanjui aliwaambia ni ndugu pacha wa marehemu. Elsie, aliyefuata kuzaliwa, anathibitisha mbele ya kanisa kwamba Mama Peres hakuzaa pacha.

Tuseme wazi: marehemu hakusamehe. Alikuwa mume mwema, baba mpole, na fundi ambaye kiwanda kilimuaga kwa karamu alipostaafu mwaka 2013, lakini kwa jambo hili moja alikuwa na kinyongo safi, alichokitunza vizuri kama gitaa lake. Alikuwa na haja moja tu: Kinyanjui atangulie, na yeye aende mazishini akiwa hai. Haikuwa hivyo. Figo zilimlemea mwaka jana, na Desemba iliyopita alikwenda kwenye onyesho kwa kiti cha magurudumu. Alifariki hospitalini tarehe 9 Machi, alfajiri, Rispa akiwa kando yake.

"Nimeshindwa," alimwambia Rispa siku moja kabla. "Ataniimbia tena."

"Hapiti kwa mlango wangu," Rispa akajibu.

Sasa hilo ndilo limebaki. Kinyanjui ameleta ombi kwa kamati ya mazishi, kwa mkono wa mtu, kwamba apewe dakika chache kwenye ibada hii ya Buruburu amlilie rafiki yake na kumwimbia "Rudisha Koti". Pia aliomba nafasi ya kamera. Mchungaji alisihi. Owen alisema tumpe tu, ili amani ipatikane. Elsie na Rispa walijibu kwamba Kinyanjui alishamlilia marehemu mwaka 1987, mbele ya ukumbi uliojaa, na mtu hapewi zamu mbili kwa maiti mmoja.

Lakini hakufukuzwa. Familia imemwekea kiti cha mbele, katikati, mkabala na jeneza ambalo Rispa amelitandika shati jekundu. Hataitwa kusema, na hataimba. Atakaa amtazame Sylvance. Tukisimama kimya kwa heshima ya marehemu, naye asimame, avue kofia.

Marehemu amemwacha mjane wake Rispa, watoto wake Maurine na Owen, wajukuu wanne, dada yake Elsie, na Nahashon, aliye ndugu kuliko ndugu, ambaye leo amelia tangu getini na hakuna aliyetoka ndani kumuuliza kitu. Hakuacha pacha. Atazikwa kesho Ugenya, karibu na Mzee Ooko na Mama Peres.

Sylvance, pumzika kwa amani. Safari hii ni kweli.