Bwana Usitikise na Nyota Zetu Ndefu

Tarehe 30 mwezi huu, fundi mkuu wa maabara ya fizikia anastaafu rasmi baada ya kukitumikia chuo chetu miaka thelathini na mitatu, miezi minne na, kwa hesabu zake mwenyewe, siku mbili tu za kuugua. Wanafunzi humwita Fundi, mkewe humwita Baba Pacha, na sisi wengine, akiwa hayupo karibu, humwita Bwana Usitikise. Leo yupo, na tutamwita hivyo hivyo. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, karani wa masjala, niandike na kuusoma wasifu huu kwa sababu jina langu liliwahi kuandikwa kwenye daftari lake la makosa mara kumi na nne kwa wino mwekundu, na wajumbe waliona ni haki nipewe nafasi ya kujibu.

Aliajiriwa kuosha mirija ya maabara. Miaka kumi na miwili baadaye aliomba apewe paa la jengo la sayansi, ambako hapakuwa na kitu ila viti vilivyovunjika miguu, akajenga jukwaa la mbao kwa mikono yake na kuanzisha Alhamisi ya Darubini. Tangu hapo, kila Alhamisi jioni, mfanyakazi au jirani yeyote mwenye darubini na kamera huruhusiwa kupanda kupiga picha za anga, na Ijumaa asubuhi huzipeleka picha zake kwa Fundi akaambiwe amekosea wapi. Hakuna aliyewahi kuambiwa hakukosea. Paa lile ndilo roho ya mzee huyu. Lilikaribia kutuponyoka kwa sababu yake, na tunalo hadi leo kwa sababu yake vilevile, kwa hiyo nitaeleza yote mawili.

Sikuja hapa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini kwa picha mbovu mzee anajua. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alileta picha ya mwezi uliofifia kama umewekwa nyuma ya pazia. Fundi wetu aliinusa lenzi, naam, aliinusa, akasema ni umande, na akamwelekeza kuifunga darubini mkanda wa kuipasha joto. Nesi wa zahanati alileta nyota pana kama bangili. Huyo alikalishwa saa nzima ya chakula cha mchana akizungusha kirungu cha fokasi, kile kinachonoa picha, akilenga mlingoti wa simu kule kilimani, mpaka mkono ukajua wenyewe pa kusimama. Alirudi wodini na njaa, lakini tangu siku hiyo nyota zake ni nukta.

Dereva wa basi la chuo ndiye tunayemhurumia zaidi. Yeye aligundua nyota mpya. Ilionekana katika kila picha yake, nyekundu, pembeni kidogo, na kabla ya kumuuliza mtu alikwenda ukweni akaitangaza mbele ya wakwe zake wote na kuipa jina la mama mkwe. Fundi hakubishana naye. Aliifunika darubini kwa kifuniko chake, akaifunga na taulo juu, akapiga picha ya giza tupu, na nyota ya mama mkwe ikawaka pale pale. Ilikuwa punje moja iliyoharibika kati ya zile za kupokea mwanga ndani ya kamera. Dereva aliambiwa aanze kila kazi kwa kupiga picha ya giza namna hiyo, ili kasoro za kamera zijulikane na ziondolewe. Namna ya kuwaambia wakwe hakufundishwa, na hadi leo sherehe za upande ule huhudhuria mkewe peke yake.

Sasa tuje kwenye nyota ndefu. Picha ya anga huchukua dakika kadhaa kamera ikiwa wazi, na muda wote huo mota huizungusha darubini polepole ili iendane na nyota. Mbao zikitikisika hata kidogo, nyota hutoka ndefu kama punje za mchele. Zetu zilitoka ndefu miaka mingi. Fundi alikagua mota, akakaza skrubu, akapanga upya miguu ya darubini zote, na alipokosa kasoro kwenye vyombo alihamia kwa binadamu. Hapo ndipo alipolipata jina. Tulivuliwa viatu. Mlinzi alifukuzwa paani kwa kupiga chafya. Mwalimu wa hisabati, mtu mzima mwenye wajukuu, aliandikwa kwenye daftari kwa kosa la kuhema. Mimi niliandikwa kwa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na nakiri kwamba nilihamisha, kwa kuwa miguu ninayo miwili.

Mkuu wa chuo wa wakati ule hakuwa mpenzi wa nyota za aina yoyote, fupi wala ndefu. Maonyesho ya mwisho wa mwaka yalipotia aibu kwa mara ya tatu mfululizo, alimwandikia Fundi barua fupi: picha zisipotengemaa katika maonyesho yajayo, jukwaa litabomolewa na paa litawekwa matangi ya maji. Barua ilipitia masjala, kwa hiyo niliisoma kabla yake. Nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, na Alhamisi iliyofuata ukaguzi ukawa mkali maradufu.

Halafu Ofisi ya Utumishi ikamlazimisha kwenda likizo ya wiki tatu, maana alikuwa na siku mia mbili hajazigusa. Aliondoka akituachia kurasa sita za maagizo. Katika wiki hizo tatu tulipanda paani na viatu, tukapiga chafya, mwalimu wa hisabati akahema alivyotaka. Picha zote zilitoka safi. Nyota zilikuwa nukta kuanzia kona hadi kona.

Aliporudi alizitazama muda mrefu, akauliza nani ametengeneza mota. Wote tulikwisha kujua kwamba mota haikuguswa, na kila mmoja alimwachia mwenzake amweleze. Mkutubi, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata maktaba ikiwa tupu, alichukua beseni la maji, akaliweka katikati ya jukwaa mchana kweupe, akamwomba Fundi atembee kama anavyotembea Alhamisi. Fundi alitembea, na viatu vyake vya karakana vyenye chuma mbele, kutoka darubini hadi darubini, akiinama kukagua. Maji yalicheza beseni zima. Akavua viatu, akarudia. Maji yakacheza. Kuna methali ya nyani ambayo kamati imenikataza kuimalizia.

Nilitarajia angelaumu mbao. Aliteremka maabara, akafungua daftari, akaanza kufuta majina mekundu moja baada ya jingine, miaka kumi na sita ya majina, na mbele ya kila moja akaandika lake. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Yangu kumi na nne niliyahesabu mwenyewe kuhakikisha hajaruka.

Tulimwambia apande tu, ila akae kitini. Akajaribu. Alikaa dakika tisa, kisha akamwona nesi amepitisha waya vibaya, akainuka. Picha nne ziliharibika kwa mkupuo mmoja. Akaomba radhi, akashuka ngazi, na hakupanda tena Alhamisi nyingine yoyote. Maonyesho yale tulifaulu, matangi yakawekwa nyuma ya jiko, na paa likabaki letu. Miaka minne sasa yeye hukaa chini ya ngazi na sanduku lake la vifaa. Anatupokea tukishuka, na kabla hatujafika chini anauliza anga lilikuwaje. Nimemcheka mtu huyu miaka mingi na bado nitamcheka, lakini swali lile la kila Alhamisi limekuwa likinichoma, na sijawahi kumwambia.

Fundi, tunakushukuru kwa mikanda ya joto, kwa fokasi, kwa picha za giza na hata kwa wino mwekundu. Shemeji, tunakurudishia mume akiwa mzima, na tunakushauri usimwache karibu na kitu chochote kinachohitaji kutulia. Tunawatakia wote wawili siku ndefu zenye afya na furaha. Ratiba ya leo ina kipengele kimoja ambacho hakikuandikwa. Saa moja jioni, watumishi wote, mlinzi na mkuu wa chuo wakiwamo, tutaketi hapa ukumbini na hatutainuka. Darubini zote ziko juu, zimepashwa joto, zimelengwa. Panda peke yako na viatu vyako, utembee upendavyo mpaka uchoke. Na picha zikitoka ndefu, Bwana Usitikise, safari hii hakuna atakayeuliza ni nani.